Gari la Mchanga la Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Leo Mungu amenikumbuka. Régine, mke wangu, amerudi kutoka kwa mama yake na habari: Mama Arlène ananunua gari la kupita mchangani. Si pikipiki, si mkokoteni. Ni lile gari fupi lisilo na milango, lenye mabomba juu badala ya paa, ambalo wazungu hupandia vilima vya mchanga jangwani. Magari ya kawaida yanazama kati ya lami na maji, na mama mkwe amechoka kungoja mabeseni ya samaki yabebwe kichwani. Atakayemchagulia gari zuri ndiye atakayeliendesha.

Yaani usukani! Miaka sita tangu tuvuke ziwa kutoka Kilwa ya Kongo tukaanza maisha hapa Nchelenge, upande wa Zambia, na mimi Zéphirin Banza kazi yangu ni moja: kukaa kwenye tanuri za mama mkwe nikigeuza samaki. Macho mekundu mwaka mzima. Majirani wananiita Tata Moshi, yaani Baba Moshi. Nikipata usukani, moshi namwachia Dédé.

Dédé ni shemeji yangu, kaka yake Régine. Naye anautaka usukani. Hata baiskeli inamshinda.

Saa kumi nilimwona mama mkwe anakuja sokoni. Nikakata kona nyuma ya wauza mihogo, nikainama mpaka akapita. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai karibu. Kila neno kati yetu linapita kwa Régine, au juu ya ua wa matete, yeye upande wake, mimi upande wangu. Siku hizi wengine wameacha. Mimi sijaacha. Ufuko huu wote hauna mkwe mwenye heshima kama mimi, hata Dédé analikubali hilo.

Jumatano, 4 Juni

Eddy, binamu yangu wa Lubumbashi, analinda yadi ya kampuni inayofunga kazi. Ana magari mawili ya mchanga ya kuuza. Ametuma picha na ujumbe wa sauti: "Grand, iko mbili paka. Ile nyekundu ya viti mbili, ile njo ya désert. Ingine ya majivu, ya mabenchi, iko na sanduku nyuma. Uchague mbio, bantu banakuya." Yaani, mkubwa wangu, yapo mawili tu, nyekundu ndiyo ya jangwani, na wanunuzi wanakuja.

Nimetazama video siku nzima. Bando limekwisha mara mbili. Sasa mimi ni mtaalamu. Springi ziwe ndefu. Matairi yawe mapana, yenye mbavu za kuchota mchanga, na upepo upunguzwe. Kichujio cha hewa kikae juu, vumbi lisiingie kwenye mashine. Na lazima iwepo fimbo ndefu yenye bendera, ili dereva anayepanda kilima kutoka upande wa pili akuone msigongane.

Nyekundu inayo yote. Hata bendera! Ya majivu ina benchi mbele, benchi nyuma, sanduku la mizigo, na sura ya jiko.

Régine aliuliza vilima vya mchanga viko wapi hapa Nchelenge. Nikamwambia asinivunje moyo.

Alhamisi, 5 Juni

Kilima nimekipata. Ni rundo la mchanga wa ujenzi nyuma ya kanisa letu. Linanizidi kimo kidogo. Nilipanda nikiwa na fimbo yenye kitambaa, nikamwambia Régine asimame upande wa pili aseme kama anaiona. Akasema anaiona, na mimi pia ananiona, na mchungaji vilevile ananiona.

Pasta Kaoma aliuliza ninafanya nini juu ya mchanga wa Bwana. Nikasema napima ubora wake. Akafurahi, akanipa koleo. Nimechota mpaka saa nane mchana.

Huku nikichota, Dédé amekwenda kwa mama yake kusifia ya majivu, eti ina pa kuweka samaki. Akili ndogo. Mpaka jana nilikuwa na shaka kidogo juu ya nyekundu. Sasa sina.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya ushindi. Nimesimama nje ya ua wa mama mkwe, Régine mlangoni katikati, akinichukulia maneno. Nilisema springi. Nikasema kichujio. Nikasema matairi. Nikasikia mama mkwe anapiga miayo.

Hapo nikatoa silaha yangu. Nikasema: Mama afikirie zile benchi. Watu sita! Kabla samaki mmoja hajapanda, kwaya nzima itakuwa imeshakaa, na binamu za watu, na mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Kashikishi, wote bure.

Mama mkwe hapendi watu wa bure. Sauti yake ikaja juu ya matete: "Régine, umuambie bwana yako, tunakamata nyekundu."

Dédé alitoka uani bila kunisalimu. Tulipokuwa njiani Régine akauliza: na Mama atakaa wapi? Nikamjibu kwenye kiti, kuna mikanda minne ya kumfunga. Nilikuwa nawaza miwani ya vumbi. Akanitazama muda mrefu, halafu akaongea habari za sabuni.

Ijumaa, 13 Juni

Limefika, na mimi nimekwisha.

Lilikuja asubuhi kutoka Kilwa juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja kwa mbao. Ufuko ulijaa watu. Nilivaa miwani niliyoazima kwa fundi wa kuchomelea, nikakaa, nikawasha. Ngurumo! Mbuzi wakatawanyika. Nikanyoosha bendera, nikamngoja Régine aje akae kando yangu tuzunguke mara moja watu watuone.

Aliyekuja ni mama mkwe. Kitenge kipya, kilemba, mkoba mkononi. Sijui kwa nini sikuliwaza hilo. Gari ni lake, na alitaka kwenda Mununga kwa wavuvi kuchagua samaki mwenyewe. Alikuwa anatembea akitazama chini, kwa kunistahi, ndiyo maana hakuona mambo yalivyo mpaka alipogusa bomba. Viti viwili. Bega kwa bega. Kati ya kiti changu na chake, upana wa kiganja.

Niliruka nje nikajificha nyuma ya mtumbwi. Yeye alivuta kitenge usoni, akaenda nyuma ya mtumbwi mwingine. Gari likabaki peke yake katikati, linanguruma. Watu wakacheka wote pamoja, hata wale wa kwenye mashua.

Kutoka nyuma ya mtumbwi wake mama mkwe akaita: "Dédé! Kuya uendeshe. Weye njo mutoto wangu."

Dédé alianza kwa kurudi nyuma, akaingia majini mpaka magurudumu. Halafu akapata pa kwenda mbele. Wakaondoka, mama na mwana, bendera inapepea. Sijawahi kuona aibu kama hii.

Jumamosi, 14 Juni

Moshini. Dédé amepita mara tano. Mara zote amepiga honi.

Habari moja nzuri: nyekundu haina pa kuweka mzigo. Mama mkwe amerudi kutoka Mununga amepakata beseni la samaki mapajani, kwenye kitenge kipya. Habari hii haikunifurahisha kama nilivyotegemea, maana aliyechagua ni mimi.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kwa Pasta Kaoma. Nikamwomba atangaze kwamba mwiko wa mama mkwe umekwisha, sisi ni watu wa Kristo. Akasema ni jambo jema, hata Petro alikuwa na mama mkwe nyumbani kwake, tena Biblia haisemi alimkimbia.

Nilimtuma Régine na neno hilo haraka. Mama mkwe akajibu kwamba mama mkwe wa Petro alipougua, aliyemshika mkono ni Yesu, si Petro. Pasta amekubali kwamba hilo ni kweli. Sasa anataka kulitolea mahubiri. Mimi nimebaki nilipokuwa.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi nilikuwa mwerevu. Niliwaza hivi: kama ua wa matete unatosha nyumbani, ua mdogo utatosha garini. Nilichukua kitenge cha Régine, nikakifunga kati ya viti, juu mpaka chini. Pazia! Mama mkwe akaja kulichungulia mimi nikiwa mbali, akalivuta, akatuma neno kwamba tujaribu mara moja. Dédé anaumwa tumbo leo. Sikumfanya kitu.

Nilikaa wa kwanza, nikageuza uso kulia. Yeye akakaa kushoto. Tukaondoka. Lo, mchanga ule! Springi zinapanda, zinashuka, matairi yanachota. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Nchelenge. Nikaongeza mafuta.

Upepo wa ziwa ukaingia chini ya kitenge, ukakitoa chote. Nikaona ncha ya kilemba. Nikafanya ambacho mkwe yeyote mwenye adabu angefanya: nikafumba macho. Yote mawili. Mguu niliusahau kwenye mafuta.

Kwanza nikasikia kama tunapita juu ya majani makavu. Halafu kelele za wanawake. Halafu harufu. Mama Chilufya alikuwa ameanika chisense, wale samaki wadogo kama sindano, mchangani pote, kazi ya siku tatu. Tulipita katikati, tukazunguka, tukapita tena. Lundo la nyavu ndilo lililotusimamisha. Nilifumbua macho nikiwa na chisense mdomoni.

Nilishuka upande wangu, yeye upande wake. Tukaenda nyumbani kwa njia mbili tofauti.

Jumatano, 18 Juni

Mama Chilufya amekuja na dada zake wanne. Mama mkwe amewapa magunia ya samaki wakavu, wale niliowageuza mimi mwezi mzima.

Mchana Régine ameniletea hukumu. Nyekundu inarudishwa kwa Eddy, inachukuliwa ya majivu, na Dédé ni dereva. Akasema pia kwamba mama yake naye alikuwa amefumba macho tangu pazia liliporuka. Kwa hiyo jana tulikuwa wawili na hakuna aliyekuwa anaona. Halafu akanipa maneno yenyewe: "Zéphirin ni mutu wa heshima, namushukuru sana. Lakini asikamate tena usukani."

Nilijisikia vizuri moyoni, halafu vibaya.

Régine hakuondoka. Akaniuliza kama nimeielewa ile ya majivu. Benchi mbele, benchi nyuma. Dereva mbele peke yake, Mama nyuma na mabeseni yake, kila mtu anatazama mgongo au njia. Ningekuwa dereva mpaka uzee. Akasema: nilikuuliza Mama atakaa wapi. Nimelia kidogo. Nimesema ni moshi.

Jumamosi, 21 Juni

Nimetulia. Nimetafakari siku tatu kwenye tanuri, na kosa nimeliona wazi. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la viti kukaa sambamba. Sasa nimekuwa mtu mwingine.

Eddy ametuma picha mpya kutoka yadi ya jirani. Pikipiki ya maji! Inaruka juu ya ziwa, Mununga unafika kabla chai haijapoa, na Dédé na mabenchi yake abaki anakula vumbi. Nimeuliza maswali yote safari hii, sikukurupuka. Usukani? Haina usukani, ina mishikio kama ya baiskeli, kwa hiyo neno la mama mkwe halijavunjwa. Viti? Wawili, lakini si bega kwa bega: mimi mbele, yeye nyuma yangu. Hatuonani uso hata kidogo. Heshima tupu.

Nimeuliza hata la usalama: mawimbi yakiwa makubwa, anayekaa nyuma anashika nini? Eddy amesema hakuna shida, anamkumbatia dereva kiunoni kwa nguvu.

Vizuri sana. Kesho baada ya ibada namtuma Régine kwa mama yake.