Bushi Zangu na Barabara Iliyokamilika

Wilaya ya Serengeti

Mheshimiwa Diwani,

Shikamoo. Mimi ni Simioni Mseti, mpiga kura wako, mwenye ile Corolla nyeupe ya zamani. Naandika kwa heshima zote kulalamika juu ya gari langu, ambalo linakupinga hadharani.

1. Mwezi wa tatu ulitutangazia mkutanoni kwamba barabara yetu imekamilika. Sote tulifurahi, isipokuwa gari. Kesho yake nilikuwa nampeleka mama yangu, Agustina, kliniki ya mgongo. Gari likaanza kugonga chini, ko, ko, ko, mpaka mama akasema, "Simioni, nishushe. Heri bodaboda." Ana miaka sabini na moja. Alipanda bodaboda, akafika kabla yangu.

2. Nilipochungulia uvunguni nilikuta bushi za mikono ya magurudumu ya mbele, yale mapira yanayotenganisha chuma na chuma, zimelika hadi zinacheza. Kwa kuwa barabara imekamilika, kosa lilikuwa la mapira. Nilinunua mapya, nikapiga jeki hapo uani, nikayatoa ya zamani kwa nyundo na kipande cha bomba, siku mbili nzima. Mke wangu Ghati akaniuliza, "Unatengeneza au unalipiza kisasi?" Nikamjibu naunga mkono maendeleo.

3. Mapya yamechanika baada ya wiki mbili. Wiki mbili, Mheshimiwa! Hata kifusi ulichotumwagia pale kwenye kalavati kilidumu tatu.

4. Siku za kliniki mama anampigia simu wa bodaboda. Mimi ananiachia kuku niwaangalie.

Kwa hiyo naomba uje upande gari hili, ulieleze kwa kinywa chako kwamba barabara imekamilika. Mimi halinisikii. Ukikosa nafasi, basi tuonyeshe kipande kilichokamilika kilipo, tukapite hapo hapo.

Nisalimie mama watoto, mtendaji wa kata, na greda, kama bado lipo hai.

Wako katika kutikisika,
Simioni Mseti

Nyongeza: Fundi Vedasto amepita sasa hivi, amechungulia, amecheka mpaka akakaa chini. Anasema bushi za mwanzo zilikuwa zile zile za tangu gari linatoka Japani, zilichoka kwa uzee. Hizi mpya nilizikaza nati magurudumu yakiwa yananing'inia kwenye jeki. Gari liliposhuka, mapira yakajinyonga yakachanika. Ilitakiwa nikaze likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Kwa hiyo barabara haihusiki. Ningeichana barua hii, ila watu arobaini na watatu wa barabara hii wameshaisaini, na hakuna hata mmoja mwenye gari.