Kibanda Namba Tisa

Jumatatu, 4 Agosti

Dada alipiga simu asubuhi nikiwa na misumari midogo sita mdomoni. Akasema Jumamosi Hakimu anapelekwa bustani ya michezo, na mimi niende. Nikajibu “mm”, maana ningejibu nini na misumari mdomoni? Akasema asante mdogo wangu, akakata.

Hakimu ni mpwa wangu, binti wa miaka kumi na mmoja. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu hukumu zake hazina rufaa. Anatumia kiti cha magurudumu tangu akiwa na miaka minne, na anakiendesha vizuri kuliko watu wengi wanavyotembea.

Habari kubwa ni hii. Ile bembea ya duara, inayopandisha watu juu ya mapaa yote ya mji, imewekewa kibanda maalumu, namba tisa. Ndani hakina viti. Mtu anaingia na kiti chake, anafungwa mikanda, anapaa. Mwaka jana kulikuwa na ngazi tatu na mwendeshaji aliyesema pole. Hakimu akabaki chini na mikoba yetu yote mapajani. Mimi nilipanda. Tikiti ilikuwa imeshakatwa! Niliposhuka aliniambia nimezunguka mara kumi na moja na sikumpungia mkono hata mara moja. Alihesabu!

Masharti: kiti kimoja, mtu mzima mmoja. Jumamosi tu, mwisho saa sita kamili mchana. Na Jumatatu Hakimu anarudi shule ya bweni hadi Desemba. Kwa hiyo ni Jumamosi hii au basi.

Watu wazima tunaokwenda ni wawili. Mimi na Shemeji. Nafasi ni moja.

Jumanne, 5 Agosti

Maelezo kuhusu Shemeji, ili yabaki kwenye kumbukumbu. Ni mdogo wake mume wa dada, yaani baba mdogo wa Hakimu. Mwalimu wa udereva. Huwasha indiketa hata akitoka uani kwake, barabara tupu, kuku tu ndio wanaomtazama. Akikuta kibao kinasema “usikanyage nyasi”, anazunguka uwanja mzima. Familia yote inampenda. Sababu siijui.

Lazima nipande mimi. Mjomba ni mjomba.

Mpango wa kwanza: kumlainisha Hakimu kidogo ili anichague mimi. Mimi ni fundi wa makochi, na hakuna makalio yaliyowahi kulalamika juu ya sponji yangu. Nikamtengenezea mto wa kiti chake, unene wa inchi nne, ngozi bandia nyekundu, vifungo sita. Nikaupeleka jioni. Akaukalia, akajitazama miguu. Haikufika kwenye kikanyagio. Ilining'inia tu. Akaniambia ni mzuri sana, nimpe mtu mwenye miguu mirefu.

Nimerudi nao. Naukalia sasa hivi nikiandika. Ni mzuri kweli.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa pili: vitisho. Nilimpitia Shemeji pale anapofundishia, nikamwambia kwa upole, kama mtu anayemjali, kwamba bembea zile huzunguka kwa miaka bila mtu kukaza nati hata moja. Nilitia chumvi kiasi. Nilitaja upepo. Akafuta kioo cha gari ambacho kilikuwa safi.

Nikaondoka nikipiga mluzi.

Saa kumi dada akapiga. Shemeji kaenda mwenyewe hadi bustanini, kaomba kuonana na meneja, karudi na barua yenye mhuri inayoeleza nati zilikazwa lini na nani. Dada akanisomea yote kwenye simu. Kurasa mbili! Akasema ona mtu anavyomjali mtoto. Nikasema naona.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata!

Mwisho wa barua ile kuna sheria ya lango la pembeni: kila mgeni anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu awe na msindikizaji, na msindikizaji asikiache kiti wakati wowote. Asikiache! Na ni nani katika ukoo huu anayefuata kila sheria iliyoandikwa?

Stoo kwa dada kuna kiti cha zamani cha Hakimu, cha alipokuwa na miaka sita. Kesho naamka na goti bovu. Nakaa humo. Shemeji anakuwa msindikizaji wangu. Tukifika kwenye bembea napona ghafla, naingia kibandani na Hakimu, na Shemeji anabaki chini analinda kiti kitupu. Kwa mujibu wa sheria.

Nimekichukua kiti. Chembamba, lakini nimejaribu: naingia, natoka. Kina stika za vipepeo. Kilichonichoma roho ni zile kuta za pembeni. Chuma kitupu! Mtu wa kazi yangu hawezi kukalia chuma kitupu mbele za watu. Nimevalisha kila upande sponji ya inchi mbili, ngozi bandia juu, misumari kumi na minane kila upande. Kinapendeza. Sikukijaribu tena, gundi ilikuwa haijakauka.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimesimama. Nyonga zinauma.

Saa tatu walinipitia. Nilitoka nikichechemea. Hakimu akanitazama, akakitazama kiti chake cha zamani, akauliza ni goti lipi. Nikasema la kulia. Kwenye gari akauliza tena, kwa sauti ile ile. Nikasema la kushoto. Shemeji akasema pole sana shemeji yangu, akapunguza mwendo nisirushwe na matuta. Tulipitwa na baiskeli mbili.

Langoni nikajisukumiza kitini. Niliingia kwa shida kidogo, kama mto unavyoingia kwenye foronya mpya. Mlinzi akatupitisha pembeni. Foleni ndefu kule, sisi huku. Raha!

Raha iliishia hapo. Shemeji anasukuma kiti kama anavyoendesha gari. Kila njia zinapokutana alisimama, akatazama kulia, kushoto, kulia tena. Aliwapisha watoto. Aliwapisha bata. Hakimu alitangulia, akitungoja kila kona, akitazama saa yake. Jua lilikuwa kali na ngozi bandia ilianza kushikamana na suruali.

Tulifika kwenye bembea saa sita kasoro dakika kumi. Mwendeshaji akasema haya haraka, mtu mzima mmoja na mtoto, mzunguko wa mwisho huu. Nikatangaza kwamba, ajabu kabisa, nahisi goti limepona. Nikasimama.

Kiti kikasimama na mimi.

Nikakaa. Nikasimama tena. Kikaning'inia nyuma yangu, magurudumu hewani. Mtoto mmoja akapiga makofi. Nikajaribu kujipenyeza pembeni. Sponji yangu haikukubali. Ni sponji nzuri, haibonyei ovyo.

Mwendeshaji akamwambia Shemeji basi aingie yeye. Shemeji akasema hawezi, yeye ni msindikizaji wangu, na sheria imesema asikiache kiti. Mwendeshaji akasema mtoto peke yake haruhusiwi. Shemeji akasema anaelewa kabisa. Dakika sita zikabaki.

Nikamtazama Hakimu. Hakulia wala hakunisema. Alikuwa amekikazia macho kile kibanda namba tisa, mlango wazi, sakafu tupu, na uso wake ulikuwa ule ule wa mwaka jana. Niliona aibu. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Nikapaza sauti kwamba sina goti bovu. Sijawahi kuwa nalo. Yote mawili ni mazima!

Shemeji akapigwa na butwaa. Akauliza, kwa adabu, mbona basi sisimami. Nikasema sponji. Akauliza nani atashika kiti, mahali penyewe pana mteremko. Hakimu akasogea, akanionyesha breki zilipo, akazikaza mwenyewe, moja, mbili. Kisha akatoa mikoba yote kwenye kiti chake akaniwekea mapajani. Shemeji akaitazama bembea hadi juu, akameza mate. Nikafikiri ni majivuno. Wakaingia. Mlango ukafungwa saa sita kasoro dakika mbili.

Nikabaki chini. Watu walipita wakinitazama, wengine wakitazama pembeni kwa nguvu. Mama muuza aiskrimu akaja, akamuuliza mfagiaji aliyekuwa karibu kama huyu anaweza kula vitu vya baridi. Huyu! Nikajibu mwenyewe kwamba naweza. Akamwambia mfagiaji, loo, anaongea vizuri. Akanipa aiskrimu bure na kunipapasa kichwa. Nina miaka arobaini na mbili.

Hakimu alipunga mkono kila mzunguko. Nilimwona. Mara mbili niliweza kumpungia. Mara nyingine mkono mmoja ulikuwa na mikoba, wa pili aiskrimu. Walizunguka mara tisa. Mimi nilipata kumi na moja mwaka jana, lakini sikumwambia. Alikuwa anacheka mdomo wazi. Nilifurahi, sina haja ya kuficha.

Waliposhuka Shemeji alikuwa na rangi ya sabuni ya kufulia, akakaa kwenye nyasi, pale pale penye kibao cha kukataza. Hakimu akasema ameona shule, ameona nyumbani, na kwenye paa la karakana yangu ameona kochi ambalo mteja aliambiwa bado linapakwa rangi. Kisha akamwambia mwendeshaji alete koleo aanze na misumari ya upande wa kushoto. Misumari kumi na minane. Watu walisimama kutazama.

Njiani nikamsimulia habari ya muuza aiskrimu. Akasema hiyo ni kila siku, Mjomba. Aiskrimu tu ndiyo mara moja moja.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikwenda kwa dada kumuaga Hakimu. Dada alikuwa anakunja sare za shule. Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba Hakimu alikuwa ameshachagua tangu Jumatatu. Alinichagua mimi nipande naye. Alisema nikiwa kando yake huko juu nimuone anavyowapungia mkono walio chini. Na Shemeji alikuwa radhi kabisa, maana anaogopa kupanda juu. Hata ngazi ya kubadilishia taa hapandi. Barua ile aliiomba ili ajitie moyo, iwapo mimi nitazua langu na yeye alazimike kupanda. Alipanda macho yamefungwa, mizunguko yote tisa.

Nikauliza mbona hawakuniambia. Dada akasema Hakimu alikuwa anangoja Ijumaa kuitangaza hukumu, na Ijumaa nilikuwa sipokei simu, niko bize na gundi.

Hakimu alinikumbatia. Akasema Desemba tutarudi, na nije kwa miguu yangu. Nikaahidi.

Nilitoka pale moyo mzito. Nimekosea. Mtu mzima lazima akubali anapokosea. Usiku huu nitalitafakari jambo hili kwa kina.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetafakari. Kosa lilikuwa kipimo.

Leo mteja mmoja ameleta kiti cha magurudumu cha marehemu baba yake, cha mtu mzima, kipana, ili nikibadilishe kitambaa. Hana haraka nacho. Nikamwambia kitakuwa tayari baada ya Desemba.

Pembeni nitaweka inchi moja tu.