Fundi Cherehani Anayepima Yasiyomhusu

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Cherehani,
Jengo la Soko, ghorofa ya pili.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa heshima na kwa hasira, heshima ikitangulia.

Mimi ni seremala, miaka hamsini na minane, mwenye ndevu. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mwanachama wako, yule wanayemwita Mzee Sindano, anishonee suti ya arusi ya binti yetu kitinda mimba. Nilichotaka ni suti. Nilichopata ni haya:

1. Fundi alinizungushia futi kifuani, akasita, akarudia, kisha akabonyeza kwa kidole gumba pembeni mwa chuchu ya kushoto. Akasema, mke wangu akiwa papo hapo, kwamba pana uvimbe na niende hospitali. Ndugu Mwenyekiti, mimi nikipima mlango wa mteja sisemi neno juu ya yaliyomo chumbani.

2. Uvimbe wenyewe nilikuwa naujua. Ulikuwa na miezi minane, mgumu kama punje ya hindi, hauumi, na tulikuwa tunaishi kwa amani. Nilishaamua kwamba ni ubao ulionigonga, na chuchu kuingia ndani nikaamua ni uzee. Nani alimwomba fundi aje kutugombanisha?

3. Tangu siku hiyo mke wangu ananibonyeza kifua kila asubuhi kama anayechagua parachichi, huku akinisomea ile methali ya mficha maradhi. Siipendi, kwa sababu mwisho wake naujua.

4. Hospitalini niliketi benchi moja na akina mama kumi na mmoja. Muuguzi akamwita mama anayefuata, nikainuka. Fomu ikaniuliza hedhi ya mwisho niliiona lini. Nikajaza kwamba bado naisubiri. Mashine ya picha, yenye vibao viwili, ikahangaika kutafuta cha kubana kwa mtu ambaye hakujaliwa. Nimebana mbao miaka thelathini bila kujua zinajisikiaje.

5. Daktari akanichoma sindano, akachukua kinyama cha kupima, akauliza nani aliyeugundua. Akaandika namba ya simu ya fundi, yangu hakuiomba. Akasema wanaume wengi huchelewa kwa kudhani ugonjwa huu ni wa wake zao. Niliogopa, Ndugu Mwenyekiti. Niliogopa sana.

Kwa hiyo naomba fundi huyo apewe suruali peke yake. Ikishindikana, mafundi wote wawapime wanaume kwa macho, wakiwa umbali wa hatua tatu. Hilo nalo likishindikana, suti za kiume zishonwe bila kifua.

Wasalimie wanachama wote, wa vyerehani vya mguu na wa vya umeme, pamoja na yule anayeshona vifungo mlangoni. Mke wangu anawasalimu pia, ingawa barua hii hajaisoma.

Wako katika kudai haki,
Seremala, karakana ya nyuma ya posta.

Tanbihi: Majibu yalitoka jana. Ni saratani, ila imewahiwa, na wiki ijayo wanaikata. Kaka yangu mkubwa ana uvimbe kama wangu, upande wa kulia, anasema ni mafuta. Hospitali haendi hata kwa kuvutwa na kamba. Nimemdanganya kwamba arusini ndugu wa damu wote tutavaa suti za kufanana, naye atakuja kwa fundi Jumamosi na mkewe. Tafadhali, apimwe na Mzee Sindano mwenyewe, si mwingine. Na aseme kwa sauti, maana shemeji yangu hasikii vizuri.