Matairi Mapana na Trela la Wanamuziki

Jumapili, 4 Februari

Siku tisa za mvua mfululizo. Barabara zote za mashamba ya mpunga zimekuwa uji. Safi kabisa!

Baada ya Misa, Kapteni Alcée, kiongozi wa msafara wetu, katangaza mambo ya Mardi Gras. Jumanne ya wiki ijayo ndiyo siku ya mwisho ya kula kabla ya Kwaresima, na kama kawaida tutavaa vinyago tuzunguke nyumba kwa nyumba tukiomba kuku wa kutia kwenye sufuria la gumbo, mchuzi wetu mzito. Kapteni mbele juu ya farasi na bendera yake nyeupe. Walevi nyuma. Katikati, trela la wanamuziki. Akauliza nani atalivuta mwaka huu.

Kabla sijameza mate, Verlin kanyoosha mkono. Verlin! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwenye pikapu ya kutu na matairi membamba kama ya baiskeli!

Nikasimama. Nikasema trela lile kalivuta marehemu baba miaka ishirini na miwili, na mimi nilikaa kando yake tangu miguu yangu haijafika sakafuni. Ni urithi. Kapteni akasema Mardi Gras si shamba, hairithiwi. Anayetaka alete gari uani kwake Jumamosi, atachagua mwenyewe. Verlin kanipigapiga bega, eti usijali shemeji, nitakutafutia nafasi huko nyuma na kuku.

Nimerudi nyumbani bila kuaga. Baba hajamaliza hata miezi sita kaburini. Kuvuta lile trela ndiyo kazi yake pekee niliyowahi kuitamani. Akiichukua Verlin, nahama parokia.

Jumanne, 6 Februari

Nimepata dawa. Matairi! Kapteni ni mtu wa farasi, ataangalia miguu kwanza.

Nimekwenda kwa Rodrigue, muuza matairi. Kaniuliza nataka ya tope gani. Nikamwambia tope ni tope. Akaanza somo. Eti mashamba yetu ya mpunga yana uji juu na sakafu ngumu ya udongo chini, kwa hiyo chukua tairi refu na jembamba, likate uji likanyage sakafu. Tairi pana litaelea tu kama bata. Akanionyesha manne meusi, na rimu za chuma zisizo na rangi. Gari la maiti lina matairi yenye furaha kuliko yale.

Nikamwuliza yale ya dirishani je. Akasema yale ni ya kufurahisha macho tu. Hayo hayo! Inchi thelathini na nane. Mapana kama godoro. Meno ya mamba. Ubavu mmoja una maandishi meupe makubwa. Rimu zinang'aa, unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Rodrigue akasema baadaye usije ukasema sikukwambia. Nikamwahidi sitasema.

Tumebadilishana na boti yangu. Haya, boti ya mke wangu Earline, aliyopewa na baba yake. Lakini anayeiendesha ni nani?

Jumatano, 7 Februari

Yamefungwa. Uzuri wa kutisha! Kasoro moja ndogo: gari halikati kona. Ukienda kulia yanasugua madigadi, ukienda kushoto yanasugua zaidi. Nimerudi kutoka mjini kwa kona pana sana, mojawapo katikati ya bustani ya watu.

Nikachukua msumeno nikayakata madigadi. Earline kauliza kutoka jikoni nakata nini. Nikasema mbao. Akasema ajabu, mbao za siku hizi zinalia kama bati.

Kisha nikaingiza gari bandani. Nimesahau kwamba limerefuka. Ukingo wote wa paa umeng'oka na mfereji wake wa maji. Nikamwambia Earline ni upepo. Nje hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Kanitazama tu. Mke akikutazama hivyo, ujue anaweka akiba.

Alhamisi, 8 Februari

Balaa! Maandishi meupe yanaonekana upande wa kushoto tu. Upande wa kulia yametazama ndani, hakuna wa kuyasoma. Na Kapteni hupitisha farasi wake upande gani? Kulia!

Nimempigia Rodrigue, nikamfokea. Akasema, kwa sauti ile ya mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba tairi la tope lina mshale ubavuni na mshale lazima uangalie mbele, ili meno yateme tope. Akiyageuza maandishi yatoke nje, mshale utaangalia nyuma, na meno yatakusanya tope badala ya kulitema. Hageuzi. Ana jina la kulinda.

Basi kaa na jina lako. Nimekwenda kwa fundi wa matrekta ng'ambo ya mfereji, mtu asiyejisumbua na mishale. Saa moja tu, kazi kwisha. Meupe kulia, meupe kushoto. Mshale ni wa Rodrigue, gari ni langu.

Kutoka hapo nimempelekea Kapteni kilo tatu za boudin, soseji za wali na nguruwe, zile zenye pilipili za kutoa machozi. Nikamdokezea kwamba mgongo wa Verlin siku hizi si mzima. Kapteni akala akiwa amesimama, akasema mgongo huo aliuona jana, ulikuwa na magunia mawili ya mpunga juu yake. Kisha akauliza kama boudin zimebaki.

Jumamosi, 10 Februari

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Tulikuwa wawili tu uani kwa Kapteni. Verlin kaja na pikapu yake imejaa tope hadi kwenye vioo, inanuka kamba wa matopeni aliotoka kuwavua asubuhi. Yangu niliiosha mara mbili. Verlin alipoona matairi alicheka mpaka akashika bampa. Akaniuliza nimeyavua kwenye ndege gani. Halafu akainama upande wa kulia, kicheko kikakatika. Akasema shemeji, huu mshale unaangalia nyuma, bila utani. Nikamwambia na macho yako yaangalie mbele. Wivu! Wivu mtupu.

Kapteni akazunguka gari polepole. Kisha akanishika mkono. Akasema: "Ovide mwanangu, baba yako alinivutia miaka ishirini na miwili, hajanilaza njiani hata siku moja. Trela nakupa kwa ajili yake. Usiniaibishe." Verlin atakuja nyuma na mnyororo, endapo.

Endapo nini?

Nikaingia garini nikalia. Verlin alipogonga kioo nikamwambia nilikuwa nakata vitunguu. Ndani ya gari.

Jumatatu, 12 Februari

Nimeyapaka matairi dawa ya kung'arisha, chupa nzima. Yanateleza hata mkononi.

Earline ametaka kwenda kuvua samaki. Kauliza boti iko wapi. Nikasema nimempa mtu anirekebishie. Kauliza nani. Nikasema Rodrigue. Akauliza tangu lini muuza matairi anatengeneza boti. Nimejifanya nakohoa.

Jumanne, 13 Februari. Mardi Gras

Naandika na kalamu ya Earline, yangu imezama.

Asubuhi ilikuwa tamu. Kofia ndefu, kinyago, matambara ya rangi zote. Wanamuziki sita juu ya trela, fidla, kodiani, pembetatu ya chuma. Nyumba tatu za kwanza ziko kwenye lami. Tukaimba, tukapiga magoti, tukarushiwa kuku, vijana wakawakimbiza matopeni. Watu wakapiga picha matairi yangu! Nimekalia kiti changu kama mfalme. Nikasema kwa sauti, baba, unaona?

Nyumba ya nne tukaingia njia ya shambani. Mashamba ya mpunga kushoto, bwawa la kamba kulia. Nikakanyaga mafuta. Matairi ya kushoto yakavuta. Ya kulia yakakusanya tope, yakawa laini kama maandazi, yakazunguka bure. Gari likaanza kwenda kulia lenyewe. Nikakata usukani kushoto. Likaenda kulia. Nikamwita Mungu. Likaenda kulia.

Tukaingia bwawani taratibu kabisa, kama watu walioalikwa.

Sasa, sheria yetu ni moja: wanamuziki hawanyamazi mpaka Kapteni ashushe bendera. Na Kapteni alikuwa ameduwaa juu ya farasi, mdomo wazi, bendera juu. Basi wakapiga! Trela linazama, wao wanapiga. Maji yakafika magotini, mwenye fidla akasimama juu ya benchi. Yakafika viunoni, mwenye kodiani akaiinua kichwani akaendelea kuivuta. Kuku saba wakafungua gunia wenyewe wakaondoka wakiogelea. Sikujua kuku anaogelea. Walevi ukingoni walicheza dansi bora ya maisha yao.

Verlin akaja na vitairi vyake. Vikakata uji, vikakanyaga sakafu. Akafunga mnyororo, akalitoa trela kwa dakika mbili. Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Shuka shemeji, utapata homa."

Kisha adhabu. Anayeharibu msafara analazwa kifudifudi matopeni na kuchapwa kiboko cha gunia lililosukwa. Kapteni akanipa vitatu. Nikadhani yameisha. Earline akatoka katikati ya watu, akavua kinyago, akaomba aazimwe kiboko. Akasema hiki cha madigadi, hiki cha paa. Cha boti akakirudia mara mbili, na Kapteni akampigia saluti.

Trela sasa ni la Verlin, mwaka huu na mwakani. Wakati wa gumbo Kapteni alikuja kukaa karibu nami. Akaniuliza kama nakumbuka matairi ya baba. Nikasema yalikuwa makubwa mno, yakifika mbinguni. Akasema bado nayatazama kwa macho ya mtoto. Yalikuwa membamba kuliko ya Verlin, na yasiyo na herufi hata moja. Nikatazama bakuli langu. Nilikuwa nimepewa shingo ya kuku. Nikalia waziwazi, na safari hii sikutaja vitunguu.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Gari bado bwawani, usiku limelalia ubavu. Kutoka barabarani unaona herufi nyeupe mbili tu juu ya maji. Bado zinapendeza.

Nimetafakari kwa kina, kwa unyenyekevu, kama Kanisa linavyotaka. Kosa nimeliona. Mpiga kodiani ni mnene mno. Na inchi thelathini na nane ni kidogo. Mtu huwezi kuelea nusu. Ukiamua kuelea, elea!

Padri kanipaka majivu kwenye paji la uso, akasema kumbuka u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi. Nikasema amina. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Rodrigue. Nikageuka nikamwuliza kwa mnong'ono kama ana ya inchi arobaini na nne, rimu za dhahabu. Akanong'ona kwamba anayo, lakini boti si nimekwishampa?

Nikamwambia Earline ana friza, kubwa, jipya kabisa. Nyama Kwaresima tunakula kwani?