Taa Nyekundu Shambani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Machi 2026

Nimelipata! Sanduku la kijivu lenye mpini, nyaya, na taa mbili: nyekundu na kijani. Lalji, yule muuza vifaa vya zamani, amekubali tubadilishane na redio yangu. Anasema mafundi walikuwa wanatembea nalo enzi hizo, kupima kama mashine ya huku ikituma maneno kwa waya, ya kule inayapata. Yakifika, kijani. Yasipofika, nyekundu. Siku hizi halina kazi, akasema, labda nizuilie mlango. Masikini Lalji. Haoni mbali.

Mimi nimeona zabibu. Zabibu za mama mkwe, Makutupora, zimekaribia kuvunwa. Hana, mke wangu, yuko huko tangu Krismasi, tangu nilipofungua cherehani yake nitengeneze mashine ya kukamua alizeti. Alisema atarudi kwetu Ipagala siku mama yake atakaposema nina akili. Basi nitampelekea sayansi.

Jumanne, 3 Machi

Ushindi! Nimechomeka nyaya kwenye kichala mbele ya majirani wote. Nyekundu. Nikatangaza kwamba nyekundu maana yake bado, kijani maana yake vuna. Nilijitungia njiani, lakini si ndivyo taa zilivyo duniani kote?

Seth alikuwepo. Wakala wa wanunuzi, na zamani alimposa Hana akakataliwa. Akachungulia kidarubini chake cha kupimia sukari, akasema zimeiva, lori linakuja keshokutwa. Watu wakacheka, wakawa upande wake.

Mama mkwe alikuwa amegeukia ukuta wa ghala, kitenge kichwani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Maneno hupita kwa Hana. Akamtuma aniulize kama nina hakika. Nikajibu nina hakika kabisa. Hana akarudi na jibu: mama anasubiri mashine ya mkwe wake.

Mbele ya Seth! Nilitaka kulia kwa furaha.

Jumatano, 4 Machi

Nyekundu. Asubuhi nimekuta tenga tupu na mkasi kwenye njia yangu ya shambani. Zawadi! Nimepakia sanduku ndani ya tenga, limeenea vizuri. Mkasi nimekatia kucha.

Mama mkwe anakohoa sana nyuma ya ghala kila ninapopita. Nimemwambia Hana ampelekee pole ya kifua. Hana aliniangalia muda mrefu, akaondoka. Mapenzi yanarudi.

Alhamisi, 5 Machi

Nyekundu bado. Leo matenga mawili na mkasi mwingine. Nina mama mkwe mkarimu, Mungu ambariki.

Lori limekuja, limepakia zabibu za majirani, limeondoka. Seth amenipungia mkono. Mama mkwe ameuliza, kupitia Hana, kama mashine huwa inachoka. Nikajibu haichoki, betri ni mpya. Kusini kuna wingu jeusi. Sikulipenda.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Ya mawe.

Zabibu zimepasuka zote, nyuki wamejaa, shamba linanuka siki. Nimempigia Lalji. Amecheka mpaka akakohoa. Kumbe bila mashine ya pili upande wa pili kujibu, taa itabaki nyekundu hadi kiama.

Hana amesema nami kwa mara ya kwanza bila kutumwa. Mama yake alizionja Jumanne asubuhi, akajua zimeiva. Lakini angemkatalia mkwe mbele ya watu? Afadhali shamba life. Ndiyo maana ya matenga. Ndiyo maana ya mikasi. Hata kile kikohozi! Mama alikuwa ananiambia vuna, siku zote hizo, na mimi nilikata kucha.

Mchana nikaletewa ugali wa uwele na mlenda, wa moto. Hakuna neno la lawama. Ingekuwa afadhali angenitukana. Nimelia katikati ya mizabibu, nikaondoka na sanduku langu. Hana hakunisindikiza.

Jumapili, 8 Machi

Ipagala. Chumba kimya. Sikwenda kanisani.

Lakini tazama! Muda si mrefu uliopita amekuja mtu kutoka Makutupora na tenga. Ndani kuna blanketi. Lile lile nililompa mama mkwe siku ya mahari! Amelitunza miaka yote, mikunjo ya dukani bado ipo. Hakuna barua wala salamu. Aliyeleta hakutaka hata maji ya kunywa, akageuka akaondoka.

Jenifa, mama mwenye nyumba, aliliona mikononi mwangu, akashika mdomo. Akasema pole, baba, kitu cha mahari hakirudishwi bure. Pole ya nini? Mama mkwe amefikiri jinsi ninavyolala peke yangu na baridi hii ya mvua, akanihurumia! Amenisamehe. Safari hii nimeuelewa ujumbe mara moja, bila kuambiwa.

Nimejifunika hapa ninapoandika. Lina joto. Kesho naenda kwa Lalji kutafuta mashine ya pili, niiweke kwao, nyingine ikae hapa. Taa ya kijani ikiwaka tu, namfuata Hana.