Kijiboksi Nyuma ya Mashine ya Maji

Profesa hakuwahi kufundisha popote, ila alikuwa na miwani, begi la ngozi na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Siku hiyo alikuwa amekaa mapokezi, katika ofisi ya mawakala wa bima, akijifanya anasubiri fomu. Akaona tundu la mtandao lisilotumika nyuma ya mashine ya maji ya kunywa. Akainuka kuchota maji. Aliporudi kukaa, kijiboksi cheupe kilikuwa kimechomekwa pale, kinapepesa taa yake kwa adabu zote.

Kazi ya kijiboksi hicho ilikuwa kusema uongo. Kila kompyuta inapowashwa huomba anwani ya kutumia mtandaoni, na anayeigawa ni seva ya DHCP. Sasa ofisi ikawa na wagawaji wawili: seva halali ghorofa ya tatu, na kijiboksi cha Profesa, chenye mbio zaidi, kikigawa anwani zisizofika kokote. Kesho yake saa nne asubuhi nusu ya ofisi ilikuwa haina mtandao, na Mkurugenzi akakumbuka kwamba kuna bwana mmoja aliacha kadi ya fundi wa mitandao.

Profesa akaja, akapanda ngazi, akashuka, akatikisa kichwa kama daktari, akaenda kunywa maji. Mtandao ukarudi. Akalipwa, akashukuriwa. Wiki mbili baadaye ugonjwa ukarudi, na yeye pia. Mara ya tatu Mkurugenzi, ambaye ubahili wake ulijulikana hadi kwa wafagizi, akadai mkataba wa mwaka mzima kwa bei ya kutupa. Profesa akajifanya kaumia, kisha akasaini kwa majigambo: siku atakayoshindwa, atabadilisha nyaya zote za ghorofa tatu kwa gharama yake.

Aliyeumia kweli ni mama wa mapokezi, ambaye wote walimwita Shangazi. Mkurugenzi alishamwambia kwamba huenda ndiye anayevuruga nyaya kwa kupangusapangusa, na likitokea tena atafute kazi kwingine. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Shangazi hakulia. Alimpigia simu binti yake, fundi wa mitandao, akaelekezwa hatua kwa hatua kuweka programu ya kufuatilia mtandao. Akaiandikia anwani ya seva halali. Akaiagiza kila dakika tano iombe anwani kama kompyuta mpya, na akijibu mwingine yeyote, imtumie ujumbe kwenye simu.

Siku tisa zikapita kimya. Ya kumi, kwa kuwa mkataba usio na ugonjwa huvunjwa mapema, Profesa alipita kusalimia tu, akanywa maji, akaondoka. Kabla glasi haijakauka, simu ikalia: seva mbili zimejibu. Shangazi akainama nyuma ya mashine, akakikuta. Hakumwambia mtu. Alikichomoa, akakichomeka kwenye tundu la ndani ya kabati la majalada, akafunga kwa ufunguo. Kisha akampigia Profesa.

Profesa akaja anatabasamu. Akanywa maji, akapeleka mkono nyuma ya mashine, akapapasa ukuta mtupu. Akanywa glasi ya pili. Akanywa ya tatu. Hadi alasiri alikuwa chini ya meza, tai begani, vumbi hadi kwenye nyusi, na Mkurugenzi juu yake ameshika mkataba.

Mkurugenzi alipotoka kupokea simu, Shangazi akachuchumaa.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Tatizo, mama."

"Lina rangi gani?"

"Jeupe," akajibu, kisha akafumba macho.

Shangazi akamweleza kwa upole kwamba polisi wako mtaa wa pili, na kwamba yeye ana muda. Profesa akauliza anataka nini. Alitaka nyaya zibadilishwe kama mkataba ulivyosema, Mkurugenzi aambiwe kwamba mapokezi hawana kosa, na orodha ya ofisi nyingine zenye vijiboksi. Zilikuwa kumi na moja.

Nyaya zilimchukua siku sita. Shangazi mwenyewe aliacha kazi mwisho wa mwezi, akaanza kuzungukia zile ofisi na kompyuta yake, akiwaonyesha wakubwa, kwa dakika tano tu, nani anagawa anwani za uongo ndani ya nyumba yao. Kila mmoja alisaini naye mkataba bila kubishana.

Kwenye ofisi ya nne mlinzi aliwasimamisha mlangoni, akamtazama mwenye miwani, akamuuliza kama yeye ndiye mtaalamu aliyeitwa.

"Hapana," Profesa akasema, akibadilisha bega. "Ni huyu mama. Mimi nabeba ngazi."