Sherehe ya Baridi Isiyo na Theluji

Jumatatu, 3 Februari

Binti yangu Kaarina amepiga simu kutoka Milwaukee. Anakuja Jumamosi. Hakuuliza kama nina nafasi. Amesema tu anakuja, na kwamba kuna jambo hawezi kulisema kwenye simu. Jambo lenyewe nalijua. Nyumba ya wazee! Bingo kila Alhamisi na uji usio na chumvi. Rafiki zake wote wameshawapeleka baba zao, sasa zamu yangu imefika.

Akauliza, kama kawaida yake, kama kuna mtu yeyote anayekuja kunitazama huku ziwani. Nikamwambia kila Jumamosi sauna yangu, kile kijumba cha kuogea mvuke, inajaa pomoni, watu wanagombea benchi la juu. Kisha akasema vizuri, Baba, basi nitawaona.

Nimejiponza. Mtu wa mwisho kuingia sauna yangu ni fundi aliyekuja kuziba bomba la moshi, naye aliingia na viatu. Wengine wote wanaenda kwa Reino Kangas mjini. Reino ana sauna ya umeme. Anabonyeza kitufe, anakaa, anaiva kama kipande cha mkate. Yangu ni ya kuni, ya mawe, aliyoijenga baba yangu. Tangu mke wangu Aili afariki, hata majirani wananipita na taulo zao kwenye kiti cha nyuma cha gari. Wananipungia mkono.

Nina hadi Jumamosi kupata watu.

Jumanne, 4 Februari

Nimeamka na mpango kabambe. Mwaka huu inatimia miaka arobaini tangu ile baridi isiyo na theluji!

Nani asiyeikumbuka? Krismasi nyasi zilikuwa za kahawia. Januari watoto waliendesha baiskeli. Skii, zile mbao za kutelezea thelujini, zilisimama ukutani mpaka buibui wakahamia. Dereva wa gari la kusukuma theluji alikaa gereji akajifunza kufuma soksi. Na sauna je? Mtu anatoka kwenye mvuke, mwekundu kama nyanya, anataka kujigaragaza kwenye theluji, anakuta tope. Hiyo ni nusu ya sauna. Ila mimi nilikuwa na ziwa, na pale kijito kinapoingia maji hayakuganda msimu mzima. Mji wote ulihamia kwangu. Hadi Reino. Wanawake kwanza, wanaume baadaye, kisha wote jikoni. Aili alichemsha kahawa kwa birika la kanisa kwa sababu letu halikutosha. Alipita katikati ya magoti ya watu akicheka, na kila aliyempisha alimwagiwa kidogo. Sijawahi kuwa mtu wa maana kiasi kile, si kabla wala baada. Nikikumbuka kicheko chake jikoni napata maumivu ya kweli, hapa chini ya mbavu.

Basi, sherehe! Nimebandika tangazo dukani kwa Bernice: Kumbukumbu ya Baridi Isiyo na Theluji, Jumamosi, kwa Urho Saari, sauna, kahawa, mkate wa iliki. Bernice akaniuliza kama nina homa.

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda dukani kunywa kahawa na kusikiliza watu wakilisifu tangazo langu. Nimemkuta Reino anawasomea kwa sauti ya mchungaji. Mji mzima uko kaunta, yaani watu saba.

Reino anadai theluji ilianguka mwaka ule, mwezi wa tatu, akaipima kwa rula. Nikamwambia iliyoanguka ni mba ya kichwa chake. Akaniuliza iweje mtu asherehekee kukosa theluji na huku theluji imemfika dirishani. "Urho, ndugu yangu, utatuonyesha nini? Picha?"

Nikawakumbusha kwamba mwaka ule ule Reino alinunua pikipiki ya theluji mpya, akakosa pa kuiendesha, akaipitisha kwenye nyasi mbichi mpaka ikazama kwenye shimo la choo cha mama mkwe wake. Walicheka sana. Nikahisi nimeshinda. Kisha Reino akasema Jumamosi kuna mpira wa magongo kwenye televisheni yake, na kila mmoja akatazama kikombe chake.

Kuonyesha nini? Nitawaonyesha!

Alhamisi, 6 Februari

Nimeiondoa baridi kwa koleo. Kutoka mlango wa jikoni mpaka sauna, kutoka sauna mpaka ziwani, theluji yote nje! Nimechimba mpaka nikakuta nyasi za kahawia, zimelala vile vile kama mwaka ule. Nikasimama juu yake na soksi tu. Kwa muda nilisahau kwamba hakuna mtu ndani wa kumwita aje aone.

Tatizo ni moja. Theluji ya kiwanja kizima lazima iende mahali, nami niliitupa barabarani. Huku kwetu ni afadhali uibe mke wa mtu kuliko utupe theluji barabarani, lakini nilidhani nikiitandaza vizuri haitajulikana. Saa kumi akapita Duane na gari lake la kusukuma theluji. Akasimama. Akarudi nyuma. Akainua lile bamba lake na kunirudishia yote, pamoja na ya majirani. Kisha akashuka kubisha hodi, mpole kabisa.

"Mzee Urho, theluji hii ni yako. Kaa nayo."

Nikamkaribisha kahawa. Akasema ana barabara nyingi. Nimechimba tena hadi giza. Mgongo umekataa kunyooka, naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeoka mkate wa iliki. Aili alikuwa anausuka mafundo matatu, unaumuka kama mto wa kulalia. Wangu umesukika vizuri, halafu ukabaki vile vile. Ukiuangusha unalia kama tofali. Nimeupaka sukari juu.

Nimepiga simu kwa kila mtu. Bernice amesema tutaona. Duane amesema tutaona. Mchungaji amesema tutaona, Mungu akipenda. Mtu wa huku hakatai mwaliko hata siku moja, anasema tutaona, na hapo umeshakataliwa. Mimi mwenyewe nimewaambia wengi hivyo zamani, nyumba ilipokuwa imejaa.

Jioni upepo umeanza. Theluji inaanguka kwa ubavu. Nyasi zangu zimefunikwa kabla sijamaliza chai.

Jumamosi, 8 Februari

Siku kuu! Naandika haraka nisisahau lolote.

Kaarina alifika mchana kabla barabara haijafungwa. Amekonda. Alikaa jikoni na koti lake, akaniambia Baba, keti, tuzungumze. Nikasema baadaye, wageni wanakuja. Nikawasha sauna. Nikapanga vikombe. Kila nilipochungulia dirishani yeye alinitazama mimi. Alianza kusema tena, nikaenda kuongeza kuni.

Saa kumi na moja umeme ukakatika, kwetu na mji wote. Tukawasha taa ya mafuta. Nilikuwa natunga maneno ya kueleza jinsi watu wote walivyougua kwa pamoja, mlango ukagongwa. Reino Kangas! Taulo kwapani, macho kwenye dari.

Akauliza kama hiyo sherehe bado ipo. Nyuma yake Bernice, Duane, mchungaji na mkewe, na wengine hata majina yamenitoka, wote wamekuja msururu nyuma ya gari la Duane. Nilimuuliza Reino kama kitufe chake hakibonyezeki. "Mwaga maji kwenye mawe, wewe mzee, usitumalizie moto kwa maneno."

Wanawake kwanza, wanaume baadaye. Benchi la juu liligombewa! Mchungaji alijigaragaza kwenye theluji, pale pale nilipokuwa nimechimba, akapiga kelele zisizo za kichungaji. Kisha wote jikoni. Mkate waliuchovya kwenye kahawa, ukatafunika. Nikawasimulia baridi ile mwanzo hadi mwisho, na kila mtu akanisahihisha. Sikujali.

Bernice akamuuliza Kaarina anakumbuka nini, maana alikuwa na miaka sita. Akasema anakumbuka kulala juu ya lundo la makoti kitandani kwake. Kila Jumamosi alitafuta nafasi karibu nami kwenye benchi la jikoni, na kila Jumamosi palikuwa na mtu. "Nilikuwa namwomba Mungu alete theluji," akasema, "barabara ifungwe, wageni wasije, nikae na Baba."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mtoto ana vichekesho!

Jumapili, 9 Februari

Ushindi mtupu.

Wakati wa chai Kaarina aliniuliza kama ndivyo wanavyokuja siku zote. Nikasema jana walikuwa wachache, wengine wana mafua. Akazungusha kikombe chake. Akasema mumewe, Greg, ameondoka tangu Oktoba na nyumba imekuwa kubwa. Kuna chumba chini, kina dirisha la bustanini. Alikuwa amekuja kuniomba nikakae naye. Si kwa ajili yako tu, Baba, akasema. Lakini sasa ameona nina watu wangu, hawezi kuning'oa.

Nikamwambia umesema kweli kabisa, kabla hajabadili mawazo!

Akauliza kama anaweza kubaki siku chache, amechukua likizo ya wiki mbili. Nikasema asipoteze likizo kwa ajili yangu, mimi ni mtu mwenye shughuli. Akaosha vikombe vyote vya jana, vile vya wageni, taratibu, akavikausha kimoja kimoja. Alinikumbatia muda mrefu kwenye gari. Duane alikuwa ameshasafisha barabara.

Greg simpendi tangu zamani. Na hakukuwa na nyumba ya wazee! Nimeokoka hata na kitu kisichokuwepo.

Jumamosi, 15 Februari

Umeme upo. Nimewasha sauna tangu saa tisa. Nimekaa benchi la juu, kisha la chini, kisha tena la juu. Magari yamepita kuelekea kwa Reino. Wamenipungia mkono, safari hii na honi.

Saa moja simu ikalia. Kaarina. Sikupokea, ili ajue niko saunani na watu. Ikalia tena. Nikapokea huku nahema, nikageukia jikoni kusikokuwa na mtu na kupaza sauti: "Songa kidogo, Reino, nazungumza na mtoto!"

Akasema alitaka tu kusikia sauti yangu, lakini kwa kuwa nina wageni hatanisumbua, atapiga siku nyingine. Nikasema sawa. Amekata.

Ameamini kabisa! Ila kelele hazikutosha, mtu makini angeshtuka. Kesho nanunua redio, niiweke karibu na simu, kituo chenye watu wanaozungumza kwa pamoja.